Besi Iliyoliwa na Mtambo

Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu walimu walichoka kunirudisha. Nasema mapema ili msomi anayetaka kuishia hapa aishie hapa, atuachie nafasi. Duka langu la ufundi liko Same mjini, karibu na stendi, na kati ya Hedaru na Mwanga hakuna redio, king'amuzi wala inveta ya sola iliyonishinda. Zipo nilizowarudishia wenyewe zikiwa bado kimya, sikatai, lakini hizo zililetwa zikiwa zimeshapita mikononi mwa mafundi wenzangu, na mimi sifufui.

Nilizaliwa Makanya. Baba alikuwa mchimba jasi. Alirudi jioni mweupe mpaka kope, na mama alimpiga kwa kitambaa pale mlangoni kama anayekung'uta mkeka, ndipo amruhusu kukaa. Hatukuwa na kitu cha maana ila redio moja ya betri, nami niliifungua siku baba alipokwenda msibani. Aliporudi ilikuwa inaimba vizuri kuliko alivyoiacha. Alinichapa kwanza, akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, halafu akaniletea redio ya jirani. Chuo changu ndicho hicho. Siku hizi najifunza kwenye video za mtandaoni, za mafundi wa nchi za mbali wanaoongea lugha zao. Maneno nawaachia wayamalize wenyewe. Mimi naangalia mikono.

Leo nina nyumba ya bati la rangi, nina pikipiki ninayoiendesha na nyingine inayoendeshwa na mtu na kuniingizia chochote, nina watoto wanaosoma shule ya Kiingereza na kunisahihisha mbele ya wageni. Vyote hivyo vimetoka kwenye ncha ya chuma cha kuchomea risasi. Wakwe zangu hawajawahi kuvisifu.

Wakwe zangu ni watu wa juu. Watu wa juu, kwa asiyeijua Upare, wana baridi, wana mifereji, wana migomba na tangawizi, wana ng'ombe anayeletewa majani zizini kama mgonjwa aliyelazwa, na wana maoni. Kwa maoni yao sisi wa tambarare tumekaangwa na jua mpaka akili ikakauka. Nilipopeleka posa, baba mkwe aliuliza swali moja tu: huko kwenu mvua mnaifahamu kwa sura au kwa habari?

Huyu baba mkwe alikuwa besi wa kwaya ya usharika tangu mimi sijui kufunga vifungo vya shati. Nikisema besi simaanishi kile wanachofanya vijana, kubana kidevu shingoni na kutoa macho. Yeye akikwambia karibu, unaisikia kwanza kwenye benchi ulilokalia, ndipo ije masikioni. Ukoo mzima ulijivunia sauti hiyo kama wengine wanavyojivunia shamba. Hata mimi nilijivunia, kwa siri, maana hadharani angejua.

Na kwa wazee wa kule, mkwe wa kiume hamwamuru baba mkwe, hambishii, wala hamwombi jambo moja kwa moja. Salamu mtapeana, chakula mtakula, lakini ukiwa na neno lenye uzito linapita kwa mshenga. Kwingine kazi ya mshenga huisha siku ya harusi. Kwetu haiishi mpaka mmoja azikwe. Mshenga wangu ni mzee mmoja mstaafu wa reli, mfupi, mwenye afya ya kutisha na mapenzi makubwa ya kuzungumza. Ukimtuma neno moja anafikisha matano. Nimeoa miaka mingi sasa, na bado nikitaka kumwambia baba mkwe kwamba paa lake linavuja, mshenga ndiye anayekwenda kuvuja.

Usharika ulipopata kibali cha redio ya jamii, kamati ilikwenda mjini kuulizia bei ya mtambo wa kurushia matangazo, ikarudi kimya. Ndipo mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, akakumbuka kwamba usharika una mkwe. Akaja dukani kwangu amevaa koti la sufu, Same, saa sita mchana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tunasikia unagusagusa redio."

"Nagusagusa, Mwalimu."

"Basi uje uguse na ya Bwana."

Nikaigusa. Nilijenga mtambo mzima kwa mikono hii, ndani ya boksi la betri za sola, na siku ya kwanza ulisikika mpaka Makanya. Nieleze kidogo unavyofanya kazi, na nitaeleza kwa lugha ya watu. Redio ya FM inabeba sauti kwa kuyatikisa masafa yake. Sauti ikiingia, masafa yanayumba huku na huku kidogo sana, na redio ya msikilizaji inaufuata huo myumbo na kuugeuza kuwa sauti tena. Soprano huyatikisa haraka haraka. Besi huyayumbisha polepole. Hakuna zaidi ya hapo, na wanaokwenda kulisomea chuoni wanarudi na jambo hilo hilo moja, ila limevaa tai.

Mtambo wangu wa kwanza ulikuwa na sauti tamu kama uji wa mgonjwa anayependwa, lakini ulikuwa mtembezi. Asubuhi kukiwa na ukungu ulikaa mahali pake. Jua likipiga bati la chumba cha mitambo, unasogea. Ikifika mchana msikilizaji anazungusha kitufe akiutafuta. Mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia, "Fundi, redio yenu ya kanisa inahama kama nyuki." Mkaguzi wa masafa naye akaja na kifaa chake kwenye begi, akapima asubuhi, akapima mchana, akasema kwa upole kwamba mtambo una uhuru wa kutembea au kukaa, ila kibali kilichotolewa ni cha kukaa.

Hapo ndipo nikaweka luupu. Vitabuni inaitwa luupu ya kufunga fezi; mimi dukani naiita mzee wa kanisa. Unachukua kristali, kijiwe kilichokatwa kikafungiwa kwenye kikopo cha bati, ambacho hakijali ukungu wala jua, kinatetemeka vilevile mwaka mzima. Unaweka na aisii moja, kile kidude cheusi chenye miguu mingi, inayolinganisha mtetemo wa mtambo na mtetemo wa kristali. Mtambo ukisogea, aisii inaupelekea umeme kidogo wa kuurudisha. Kazi yake ni sawasawa na ya yule mzee anayekaa pembeni ya mabenchi wakati wa mahubiri: anayeanza kuinamia kulia anaguswa bega, anayeinamia kushoto anaguswa bega, na ibada inakwenda mbele. Nikaikaza luupu barabara, makusudi, maana umeme wa kule unakatika na kurudi kama mgeni aliyesahau fimbo, na nilitaka ukirudi tu mtambo ukae papo hapo. Mkaguzi akarudi, akapima, akafunga begi lake akaomba chai. Nilizunguka mji mzima wa Same nikiwaeleza watu jambo hili, wakiwemo wasiouliza.

Kwaya ilikuwa na kipindi chake Alhamisi alasiri, ikiimba moja kwa moja kutoka chumba cha redio. Alhamisi ya kwanza baada ya luupu, mwenyekiti alikuwa kwake, miguu juu ya kigoda, akisikiliza. Wanakamati wengine nao makwao. Wakasikia soprano safi, alto safi, tena zinang'aa. Teno nazo safi. Lakini chini pakavu. Wimbo ulisimama hewani kama nyumba isiyo na msingi.

Kama ni mimi ningeuliza mtambo umebadilishwa nini. Kamati ya wasomi ilikaa na kuamua kwamba besi wamezeeka.

Kulikuwa na mjumbe mmoja aliyesema lakini Jumapili kanisani anawasikia vizuri. Mwenyekiti akamjibu kwa maneno ambayo nilihadithiwa, nami nayaweka hapa jinsi yalivyo: "Kanisani tunawasikia kwa heshima. Redio haina heshima, inasema kweli." Wakatikisa vichwa wote. Jubilei ya usharika ilikuwa inakaribia, ibada itarushwa hewani, sharika za ng'ambo ya bonde zitasikiliza na kucheka. Ikaamuliwa kwamba baba mkwe, kiongozi wa besi, apumzishwe kwa heshima siku hiyo hiyo ya jubilei, kabla ya wimbo mkuu, apewe blanketi na cheti cha kuning'iniza ukutani. Blanketi likanunuliwa wiki ile ile. Kamati ile ilikuwa ikichelewa mambo yote ila hilo.

Kisha wakatafuta besi wapya. Na wapi walikwenda? Walishuka tambarare, kwa watu tuliokaangwa na jua. Wakapata wakata mkonge wawili kutoka shambani na mchimba jasi mmoja wa Makanya, wanaume wa vifua, waliokuja nchi hii ya Upare kutafuta kibarua wakajikuta wanatafutwa na kwaya. Kanisani walinguruma vizuri kabisa. Alhamisi hewani wakatoka kama mbuzi watatu. Kamati ikasema baridi ya juu imewabana vifua. Wakapikiwa chai ya tangawizi. Alhamisi iliyofuata mbuzi ni wale wale. Wakachinjiwa kuku, wakapewa supu. Wale jamaa hawakuwa wajinga. Kila walipoulizwa wanajisikiaje walisema nafuu ipo, ila bado kidogo.

Baba mkwe akaambiwa uamuzi wa kamati. Alijibu sawa, akaenda nyumbani. Mke wangu alipanda kumwona, akarudi akanisimamia mlangoni hata kabla ya kuvua viatu.

"Baba haimbi."

"Si wamemwambia mpaka jubilei ndipo apumzike?"

"Haimbi nyumbani. Haimbi akikata majani, haimbi akimwagilia. Jana amemlisha ng'ombe kimya kimya mpaka ng'ombe akageuka kumtazama." Akakaa. "Mama anasema hajawahi kulala na mtu aliyenyamaza hivi. Huo mtambo wako una nini?"

Nilikuwa nimeshajua. Nilijua Alhamisi ile ile ya kwanza, kwa sababu mimi kichwa changu hakilali. Yule mzee wa kanisa, luupu, alikuwa anafanya kazi yake kupita kiasi. Soprano inayotikisa masafa haraka haraka inamponyoka. Ni kama mtoto anayepepesa macho, huwezi kumgusa bega kwa kila kope. Besi inayumba polepole, anaiona vizuri inavyoinama, anadhani ni mtambo umeanza tena utembezi, anairudisha. Besi yote ya baba mkwe ilikuwa inaguswa bega na kuketishwa kabla haijatoka mlangoni. Mtambo ulikuwa unaila, na kadiri mwimbaji alivyokuwa besi wa kweli ndivyo ulivyomla zaidi.

Nikapanda mpaka nyumbani kwa mwenyekiti nikamweleza. Alinisikiliza na uso wa mwalimu anayesubiri mtoto amalize uongo.

"Kwa hiyo mtambo unachagua," akasema. "Soprano unazipitisha, besi unaila. Una ubaguzi."

"Mwalimu, ni suala la upole wa mtikisiko."

"Na hao besi wa tambarare tuliowachinjia kuku, nao unawala?"

"Hao nao."

"Na wewe unatetea mtambo au unamtetea mkweo?"

Angekuwa besi ni mtu baki, ningeaminiwa. Lakini mkwe akimsemea mkwe, kule juu, huo si ushahidi, hiyo ni adabu. Wote wangeniona nimefanya vizuri sana kumtetea baba yake mke wangu, na wote wasingeamini hata neno.

Nikajaribu dawa ya kwanza. Nilibadilisha kapasita kwenye luupu, kile kidude kinachotunza umeme kidogo, nikaweka kubwa, ili mzee wa kanisa awe mzito kidogo wa kuinuka. Asiharakishe kumgusa kila mtu. Aangalie kwanza kama mtu ameinama kweli au anaimba tu. Besi ikarudi hewani, tena nzuri. Lakini chumba cha redio kimepakana na mashine ya kusaga, na mashine ilipoanza kunguruma ukuta ulitetemeka, koili ya mtambo ikatetemeka nayo, na mzee wangu mzito hakuwahi kuituliza. Umeme ulipokatika na kurudi, mtambo ulichukua muda ukiyumba kama mtu anayetoka kilabuni kabla haujapata mahali pake. Tangazo moja la msiba lilisikika kana kwamba marehemu ndiye anayelisoma.

Mwenyekiti akapiga simu.

"Fundi, rudisha ulivyokuwa."

"Lakini besi umeisikia, Mwalimu?"

"Nimesikia mashine ya kusaga."

Nikarudisha. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira ndipo akili inafunguka. Wengine wakikasirika wanafunga duka. Nikakumbuka mikono ya fundi mmoja wa kwenye video, mzee wa Kizungu mwenye kucha chafu kama zangu, aliyekuwa akipitisha waya wa sauti sehemu mbili. Mara ya kwanza nilidhani amekosea. Sasa nikaona. Sauti anaiingiza kwenye mtambo unaotetemeka, kama kawaida, na pia anaipeleka kwenye kristali yenyewe, kupitia dayodi ndogo inayoweza kuivuta kristali kidogo tu. Besi ikiuyumbisha mtambo, inaiyumbisha na kristali kiasi kile kile, upande ule ule. Aisii ikilinganisha haioni tofauti. Mzee wa kanisa mwenyewe anayumba na wimbo, sasa atamgusa nani bega? Luupu inabaki imekazwa, mashine ya kusaga haiusumbui mtambo, na besi inapita milango miwili kwa pamoja kama bwana harusi.

Kuna kazi moja tu. Lazima milango miwili ilingane. Ukiipa kristali kidogo, besi inabaki nyembamba. Ukiipa nyingi, inavimba inakuwa ngoma. Kuna kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, na unakizungusha huku mtu anatoa sauti nzito, ndefu, isiyotikisika, nawe unasikiliza kwa hedifoni kwenye redio ya kawaida. Ningeweza kutumia mlio wa simu. Nilijaribu, ukafanya kazi. Lakini mlio wa simu ungemrudishia nani nafasi yake? Nilihitaji sauti ya baba mkwe, na nisingeweza kumwambia kaa hapa, imba.

Mshenga akapanda kumwona, akarudi na jibu kwamba mzee atakuja Jumamosi baada ya chakula, si kwa ajili ya redio, kwa ajili ya binti yake.

Jumamosi tukawa watatu chumbani. Baba mkwe alisimama mbele ya kipaza sauti, kofia mkononi. Mimi nilipiga magoti nyuma ya mtambo na bisibisi. Mshenga alikaa katikati kwenye stuli, mikono juu ya magoti, mwenye furaha kama mtu aliyerudishwa kazini. Kutoka kwangu mpaka kwa baba mkwe hapakufika urefu wa kitanda. Mtambo ulikuwa hewani na kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa sababu huwezi kupima mtambo uliozimwa. Nilitangaza kwa kifupi kwamba tunafanya majaribio. Halafu nikasema:

"Mshenga, mwambie baba atoe sauti ya chini, aishikilie."

"Mzee," akasema mshenga kwa sauti ya posa, "kijana wako anakusalimu sana, anauheshimu mji wako, anaomba kwa unyenyekevu utoe sauti ya chini, uishikilie."

Baba mkwe akatoa. Kwenye hedifoni nikasikia kitu kama nzi kwenye chupa.

"Mwambie ashuke zaidi."

"Mzee, kijana anasema hiyo ni nzuri mno, ila wewe unajulikana mpaka Gonja kwa kushuka."

Akashuka. Nikazungusha kidogo. Nzi akawa nyuki.

"Mwambie asikatishe."

"Anaomba usichoke, mzee."

Baba mkwe akakatisha, akavuta pumzi. "Mwambie mkwe wangu mimi si jenereta."

"Anasema yeye si jenereta."

"Nimesikia," nikasema.

"Amesema amesikia," mshenga akamfikishia.

Tukaendelea. Nikizungusha huku inavimba, nikizungusha kule inakonda. Kila neno lilisemwa mara mbili, mara moja na mwenyewe na mara moja na mshenga, na la mshenga lilikuwa refu zaidi. Nilikuwa nakaribia kupata pale penyewe, nikasema, "Mwambie mara moja ya mwisho, kwa nguvu," na baba mkwe badala ya kuimba akaweka kofia kichwani.

"Mwambie mkwe wangu asijisumbue. Anayahangaikia ya nini haya? Wameshaninunulia blanketi."

Mshenga, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuongeza kitu. "Anasema wameshamnunulia blanketi."

"Mwambie nalijua blanketi."

"Mwambie nililiona," akasema baba mkwe. "Limening'inizwa ofisini kwa mwenyekiti tangu mwezi uliopita, nilipopeleka sadaka. Hawakulificha hata kwa gazeti. Nimeimba hapa nikazika wote niliosimama nao mstari mmoja, na sijaambiwa na mtu njoo tukusikilize tuone. Wamesikiliza kisanduku." Akakohoa. "Mwambie."

Mshenga akalisema lote, polepole, neno kwa neno, kana kwamba anasoma kwenye mimbari. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake.

"Mwambie baba," nikasema, "aivue kofia, ashuke mpaka chini kabisa, na asiniimbie mimi."

"Vua kofia, mzee. Shuka mpaka chini kabisa."

Akavua. Akaimba ubeti mzima wa ule wimbo wa mavuno, sehemu ya besi peke yake, nami kwenye ubeti huo huo nikakipeleka kitufe mahali pake. Nilisikia sauti yake ikinenepa masikioni mwangu, kutoka nyuki ikawa mtu, kutoka mtu ikawa yeye. Nilijua ni pale kwa sababu redio ndogo niliyoiweka juu ya meza ilianza kuitingisha bisibisi nyingine iliyolala kando yake. Nilikaza nati, nikaziba na tone la rangi ya kucha ya mke wangu ili asije fundi mwingine akagusagusa.

Mwenyekiti akaingia anahema, koti lake amelivaa kifungo kimoja kimepotea njia.

"Zimeni hicho kitu."

Nikazima. Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Mnajua mmesikika wapi? Mmesikika bonde zima. Mchungaji wa ng'ambo amenipigia simu anauliza habari za blanketi." Akamgeukia baba mkwe, akamkuta amevaa kofia tayari, anatazama dirishani. "Mzee, sauti hii imetoka wapi?"

Baba mkwe akamwambia mshenga, ingawa mwenyekiti si mkwe wake kwa njia yoyote: "Mwambie imetoka pale pale."

Mtu mwenye haya angesema tumekosea, tukamaliza. Lakini mwenyekiti alikuwa ameongoza shule miaka yote ile bila kusema neno hilo, na hakutaka kuanza uzeeni. Alisema uamuzi wa kamati ni uamuzi wa kamati. Ulishapitishwa, ulishatangazwa, cheti kilishaandikwa jina kwa wino, na kikao hakikai tena mpaka jubilei ipite. Alisema hivyo huku anajua kwamba mlima mzima sasa unasubiri kumsikia baba mkwe siku ya jubilei, na asiposikika watajua ni nani aliyemnyamazisha. Akatembea chumbani, akasoma kalenda ukutani, akasoma tena. Ndipo akapata ufumbuzi ambao mimi, kwa darasa langu la saba, nisingeupata hata ningefungiwa ndani. Mzee atapumzishwa kama ilivyopangwa. Akishapumzishwa, siyo mwanakwaya tena. Na kwa kuwa siyo mwanakwaya, hakuna kinachozuia usharika kumwalika aimbe besi kama mgeni.

Ikawa hivyo. Siku ya jubilei baba mkwe alipewa cheti, akavishwa blanketi mabegani, akapigiwa makofi ya kuagwa, akaenda kuketi kwenye kiti cha wageni, mbele, karibu na mkuu wa wilaya. Dakika ile ile akaitwa kama mgeni mwalikwa. Aliinuka na blanketi lake mabegani, akatembea mpaka kwenye mstari wa besi, wale jamaa watatu wa tambarare wakamsogezea nafasi, na wimbo mkuu ukapata msingi. Mimi nilikuwa chumba cha mitambo na hedifoni. Sitasema nilivyojisikia, ila wale waliokuwa sokoni Same siku hiyo wanasema wachuuzi walizima spika zao za matangazo ili wasikie, na wachuuzi wa Same hawazimi spika hata ikiwa ni zilizala. Baada ya ibada aliketishwa meza ya wageni, akala pilau kabla ya wazee wa kanisa.

Kikao kilichofuata, kamati ikafuta kupumzishwa kwake, kwa kauli moja, na kumtaka arudi kwayani. Walimtuma mwenyekiti mwenyewe akamwambie. Baba mkwe akakataa. Alisema mwanakwaya anatoa michango ya sare, anakwenda mazoezi jioni kwenye baridi, anakaa benchi la nyuma na anakula akibakiziwa. Yeye amezoea kiti cha mbele sasa. Wakimtaka, wamwalike.

Kwa hiyo kila Jumamosi mwenyekiti wa kamati ya redio, mwalimu mkuu mstaafu, anapanda kile kilima na koti lake kumwalika baba mkwe kwa ibada ya kesho. Baba mkwe anamwacha asimame uani, anamaliza kumpa ng'ombe majani, na anaimba taratibu anapofanya hivyo, chini kabisa, ili mgeni wake ajue anachosubiri.